Komoni Ina Saa Yake

Anayetaka kujua pombe itakuwa na ladha gani asiisubiri kwenye kata. Aende mapema, wiki nzima na zaidi kabla haijanyweka, wakati bado ni ulezi uliolowa ndani ya gunia. Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, nyumba za wapika komoni hazina kibao, lakini ukipita uani utakuta gunia limelazwa kivulini, limefunikwa majani ya mgomba, na mwenye nyumba akilinyunyizia maji asubuhi na jioni. Wapita njia hawaligeukii. Mimi naona kazi kubwa iko hapo, na kila nikionja komoni nzuri huanza kulifikiria gunia lile kabla ya kitu kingine chochote.

Mama ambaye nimekuwa nikikaa uani kwake nikimtazama alifundishwa kazi hii na mama mkwe wake, upande wa Mgeta, huko juu milimani. Hapimi kwa saa wala kwa mzani. Anafunua majani, anachota punje chache, anaitazama mizizi, halafu anatia punje moja mdomoni. Ikivunjika kwa mlio, anafunika. Ikibonyea chini ya jino na kuacha utamu mdogo nyuma ya ulimi, anaita watoto walete mkeka. Siku moja alinipa punje za magunia mawili, za gunia hili kwanza na za lile baadaye, bila kuniambia tofauti yake. "Tafuna polepole, mwanangu," akasema. "Acha unga uishe, ndiyo usikilize." Zile za kwanza ziliisha pamoja na unga wake. Za pili ziliniachia utamu mdomoni hata baada ya kumeza.

Punje ya ulezi imejaa wanga, na wanga peke yake hauna utamu wala haulewi. Kiini kikipata maji na joto huamka, kikatengeneza vimeng'enya vya kuuvunja ule wanga uwe sukari, chakula cha mche mchanga. Mpika pombe anauachia mche uandae chakula, kisha anausimamisha kwa jua kabla haujakila. Akiwahi mno, vimeng'enya ni vichache, na pombe yake itakuwa nzito, ya uji uji, isiyopata nguvu. Akichelewa, mche umeshakula akiba, na kimea kinakuwa na ukakasi wa majani mabichi ambao hakuna mapishi yatakayouondoa. Baina ya kuwahi na kuchelewa pana siku moja hivi. Wakati wa joto hata nusu siku.

Na joto la Mazimbu si la kuchezea. Mji wa Morogoro uko mita 500 tu hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake Uluguru inapanda ghafla hadi vilele vinavyopita mita 2,000. Julai upepo wa mlimani ukishuka jioni, ulezi unaota taratibu na kwa usawa, na wapishi wengi hukwambia kimea cha kipupwe ndicho kitamu. Januari mambo ni mengine. Gunia linapata joto lake lenyewe kwa ndani, punje za katikati zinakimbia na kuziacha za pembeni, na ukungu haukawii. Mama huyu akiona ukungu wa kijani au kijivu, hachambui wala haoshi. Anamwaga lote. Ni hasara, maana ulezi si wa bei ndogo, lakini ukungu ndio unaozaa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Nimemheshimu kwa gunia moja alilolimwaga kuliko kwa mapipa mengi aliyoyauza.

Wengine hutumia kimea cha mtama badala ya ulezi, na hapo walaji wa ladha wanaanza kugawanyika. Mtama una mwili. Pombe yake inajaa mdomo na inaacha ukavu kidogo kwenye ufizi, hasa ukiwa mtama mwekundu. Ulezi una harufu nzuri zaidi na unavunja wanga kwa nguvu, ndiyo maana toka Uchagani hadi Ziwa Nyasa watu huutafuta kwa ajili ya kimea hata mahali ambapo hawaulimi kwa chakula. Kuna pia jambo la usalama ambalo bibi zetu walilijua bila maabara: vichipukizi vya mtama vina kitu kinachotoa sianidi, kwa hiyo kimea cha mtama hukaushwa sawasawa, kikapukutishwa miche na mizizi, ndipo kikasagwa. Ulezi hauna shida hiyo. Mimi niko upande wa ulezi, ila sibishani na mtu wa mtama aliyelelewa Dodoma.

Kimea kikiwa mkekani, ndoo ya mahindi imeshaanza safari yake. Komoni ni pombe ya mahindi iliyofunguliwa na kimea, na mahindi yenyewe huandaliwa kwa namna ambayo sichoki kuistaajabia. Unga au pumba hukandwa kwa maji, ukafunikwa, ukaachwa siku tatu, nne, hadi tano, mpaka uchachuke na harufu yake ikupige ukiinua mfuniko. Kisha lile donge lililochacha linakaangwa. Kikaango ni bati nene au nusu ya pipa lililopasuliwa, juu ya mafiga, na moto wa kuni usiokuwa na haraka. Mpishi anakaa upande wa upepo, mwiko mrefu mkononi, anageuza, anavunja mabonge, anageuza tena, hadi unga unyevu uwe chenga kavu za rangi ya kahawia.

Hapo ndipo kila nyumba inapoweka sahihi yake. Ukikaanga kidogo, pombe itanukia ganda la mkate. Ukizidisha kidogo, inakuja harufu ya karanga. Ukienda mbali, inakuja kahawa, na baada ya kahawa ni uchungu wa kuungua ambao unabaki hadi kata ya mwisho. Mama huyu husimama kwenye karanga, hapiti. Jirani yake, nyumba ya tatu, anakwenda hadi kwenye kahawa kwa makusudi, na ana wateja wake ambao hawanywi pengine. Nimewahi kuonja zote mbili mchana mmoja, kimea kilekile, safari hiyo kimenunuliwa sokoni kwa mtu mmoja, maji ya bomba lile lile, na nisingeamini kwamba tofauti yote ile imetoka kwenye dakika chache za mwiko.

Waingereza waliutambua uwezo huu wa moto kwa njia yao. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa lake la kukaangia kimea cha shayiri bila kukiunguza, na bia nyeusi za London zikabadilika toka siku hiyo, maana mpishi aliweza kutia kimea kidogo cheusi akapata rangi na ladha anayoitaka. Wapika komoni wanafanya kazi ya namna hiyo kwa bati na mwiko. Na wanafanya zaidi, maana wao wanakaanga unga uliokwisha kuchacha. Moto unawaua bakteria walioutia ukali, lakini ukali wenyewe unabaki ndani ya chenga. Pombe inaanza upya ikiwa tayari ina uchachu wa kwanza, mkavu na uliotulia, na juu yake utakuja uchachu wa pili, ulio hai. Ndiyo sababu ukali wa komoni iliyopikwa vizuri una kina. Kwa ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya busaa hupikwa kwa hatua hizo hizo, unga uliochacha, ukakaangwa, ukakutanishwa na kimea cha ulezi, na mtu wa Kakamega akiketi kwenye kilabu cha Mazimbu hatahitaji kuelezwa anakunywa nini.

Siku ya kupika yenyewe ni siku ya maji na mkono. Maji kwanza. Bomba la mjini lina klorini, na klorini ikikutana na vitu fulani vya kwenye nafaka huleta harufu ya dawa ya hospitali. Mama huyu huchota jioni, akaacha mapipa wazi usiku kucha, na asubuhi harufu imekwenda zake. Wenye visima wanajiona wana bahati. Maji ya Mto Ngerengere, unaopita hapo chini, hakuna ninayemjua anayeyagusa kwa pombe siku hizi. Kote duniani bia ilichukua sura ya maji yake: mji wa Plzeň huko Bohemia una maji laini kabisa, na bia yake ya dhahabu ikawa laini; Burton upon Trent, Uingereza, kuna maji yenye jasi nyingi, na bia zake zikawa kavu, zenye uchungu uliosimama wima. Mpishi hachagui mwamba uliopo chini ya mji wake. Anachoweza ni kujifunza tabia ya maji yake na kuyapa usiku mmoja yapumue.

Chenga zinachemshwa ziwe uji mwepesi. Wanga wa mahindi ni mgumu, haulainiki mpaka joto lipite nyuzi 70 hivi, na usipolainika kimea hakiwezi kuuvunja. Lakini vimeng'enya vya kimea vinapenda joto la nyuzi 60 na kitu. Joto likikaribia 80 vinakufa, na kazi yote ya gunia inakwenda bure. Kwa hiyo uji sharti uchemke, kisha upoe, na kimea kitiwe kwenye kadirio la katikati ambalo halionekani kwa macho. Kiwandani kuna vipimajoto na mitambo inayojizima yenyewe. Hapa kuna kidole. Mama anakichovya, anahesabu kwa sauti ya chini. Akishindwa kufika tatu, uji ni wa moto bado. Akifika tano bila kukunja uso, amechelewa, anaongeza kuni. Nilileta kipimajoto mara moja kwa udadisi, nikakitia pale aliposema "sasa". Kikasoma 63. Hakushangaa wala hakuuliza ni ngapi. Alikuwa ameshaanza kumimina kimea, huku mwenzake akikoroga kwa mti mrefu. Kisha ukifuatilia unaona kitu cha ajabu: uji uliokuwa mzito, unaoshika mti, unalegea mbele ya macho yako. Ndani ya robo saa mti unazunguka kwa urahisi. Ukionja kabla, ni uji mkali. Ukionja baada, ni mtamu.

Imebaki chachu. Hamira ya dukani ipo, na wapo wanaoitumia kwa sababu inafanya kazi upesi na haikosei. Inatoa pombe yenye nguvu, nakubali, lakini nyembamba, yenye harufu moja tu, ya mkate. Wapishi wa zamani hutumia machicha ya mpiko uliopita, au mtungi ambao hauoshwi ukang'aa. Ndani ya kile kitope cha chini kunaishi jamii nzima, chachu na bakteria wa aina kadhaa, waliozoeana kwa miaka. Wanorwe wa mashambani nao walikuwa wakihifadhi chachu ya nyumba kwenye pete za mbao zilizokaushwa, wakairithisha, wakaazimana kwa majirani. Mazimbu kopo la machicha huazimwa vivyo hivyo, na anayeazima anajua ladha ya nyumba anayoileta kwake.

Bavaria, mwaka 1516, watawala walipitisha amri mashuhuri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Chachu haikutajwa, maana haikujulikana kuwa ni kitu. Ilibidi wapite zaidi ya miaka 300 kabla ya Louis Pasteur kuonyesha kwamba ni viumbe hai wanaoifanya pombe, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, akafaulu kuitenga chachu ya aina moja tu, safi. Karibu bia yote ya chupa tunayoijua inatembea juu ya kazi ile. Ladha ikawa ya kutegemewa, leo na mwakani, Mwanza na Mtwara. Ni ustadi mkubwa, na ninaponunua Safari au Kilimanjaro baridi nikiwa safarini nafurahia hasa huko kutobadilika kwake. Ila kilichotengwa kilikuwa na wenzake, na wale wenzake ndio waliobaki kwenye mtungi wa Mazimbu.

Watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kampasi yake ya Solomon Mahlangu iko hapo hapo Mazimbu, wamewahi kuwachunguza. Si wa komoni, bali wa togwa, ambayo ni ndugu yake asiyelevya. Uchunguzi huo, walioufanya pamoja na wenzao wa Norway na kuuchapisha mwaka 2003, ulikuta bakteria wa asidi ya maziwa wakiongoza, Lactobacillus plantarum akiwa mbele, na pembeni yao chachu za aina mbalimbali, ikiwemo ile inayotumika kwa mikate na bia. Bakteria hao huongeza asidi mpaka pH ishuke chini ya 4, mahali ambapo vijidudu vingi vya kuharisha havistawi. Kwa hiyo uchachu ni ladha na ni ulinzi. Mama mpika pombe anasema kwa maneno yake kwamba pombe ikichacha upesi hailetei watu tumbo, na ikisinzia, yaani ikikaa usiku wa kwanza bila kutoa povu, haiuzi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Watu huuliza komoni ina ladha gani, na swali hilo halijibiki, kwa sababu komoni haina ladha moja. Ina ladha ya saa. Bia ya kawaida ya chupa imesimamishwa: imechujwa, imepashwa joto, vilivyo hai ndani yake vimezimwa, na mnywaji anaikuta pale mpishi alipoiacha. Komoni haijasimamishwa na mtu. Inapochujwa, machicha yakikamuliwa na maji yake mazito yakamiminwa kwenye pipa, inaendelea kutembea mbele ya wateja, na kila mteja anaipanda mahali pake.

Asubuhi ya kwanza ni tamu, nzito, inanukia mahindi ya kuchoma, ulevi wake ni kidogo sana. Jioni yake ulimi unaanza kubanwa. Asubuhi ya pili utamu umerudi nyuma nusu, uchachu umeingia, na povu linasikika ukiweka sikio karibu na pipa. Mchana wa pili imekuwa pombe kamili. Siku ya tatu ni kali na kavu, imekuwa nyepesi mdomoni kwa sababu sukari imekwisha kuliwa. Baada ya hapo siki inatawala, na mpishi mwenye heshima haiuzi kwa mtu mgeni bila kumwambia.

Kwenye mabenchi utawatambua watu kwa saa zao. Vijana wa ujenzi huja alasiri ya pili wakitaka iliyokomaa, yenye nguvu kwa bei yao. Kuna mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, haji kabisa mpaka siku ya tatu. Anasema kabla ya hapo ni uji wa watoto, na anainywa bila kukunja uso ile ambayo mimi inanitoa machozi. Wanawake wanaorudi sokoni hupita asubuhi, wakanywa kikombe kimoja cha ile tamu wakiwa wamesimama, wakaendelea na safari. Na wapo wanaosubiri mwisho wa pipa, wapate ile nzito ya chini yenye machicha, ya kunywa na kutafuna. Hakuna anayekosea katika hao. Nimesikia mabishano marefu ya ladha ambayo kwa kweli yalikuwa mabishano ya saa, watu wawili wakisifu na kuponda pipa moja walilolikuta siku tofauti.

Saa yangu ni asubuhi ya pili, kwenye saa nne hivi. Nimelelewa na togwa, na nadhani ulimi wangu bado unautafuta ule utamu ulioanza kushindwa. Saa hiyo moto wa kikaango bado unasikika, uchachu wa zamani na uchachu mpya wote wapo, na ulevi ni wa kiasi cha kuongea, si cha kuimba. Saa mbili baadaye kitu fulani kimeshaondoka. Sijui mnywaji wa bia nyingine yoyote anayelazimika kuwahi kiasi hicho.

Lakini malezi ya ulimi hayako kwenye saa peke yake. Mchaga atasema komoni haina uti wa mgongo, kwa sababu yeye amezoea mbege, ndizi na ulezi vilivyotiwa gome la msesewe, na uchungu wa msesewe unafanya kazi ileile hopsi inayoifanya kwenye bia ya Ulaya: unaukata utamu, unasafisha mdomo, unakufanya utake tena. Komoni haina uchungu wa mti. Uzani wake unatoka kwenye uchachu na kwenye moto. Mtu wa Iringa aliyekulia kwenye ulanzi, ule utomvu wa mianzi unaochacha wenyewe mtini, ataiona komoni nzito mno. Mtu wa Tabora aliyezoea wanzuki atautafuta ukavu wa asali asiupate. Mashamba ya mkonge ya Morogoro yaliwaleta manamba kutoka mikoa mingi, na kila mmoja alikuja na ulimi wa kwao. Naamini hiyo ni sababu moja ya wapishi wa hapa kuwa wasikivu: kwa muda mrefu wamepikia watu wasiokubaliana.

Mazimbu yenyewe ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, na tangu 1978 hadi 1992 hapo palikuwa na chuo chao, kilichoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu Aprili 1979. Walitoka nchi ambayo pombe ya mtama ilikuwa vita. Durban, kwa sheria ya mwaka 1908, manispaa ilijitwalia haki ya kupika na kuuza pombe hiyo kwa Waafrika. Mwanamke akipika nyumbani kwake akawa mhalifu, na faida ya vilabu vya manispaa ikasaidia kulipia uendeshaji wa utawala uleule uliomkandamiza. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, huko huko Durban, walivivamia vilabu hivyo kwa fimbo. Hawakuwa wakitetea ulevi. Walikuwa wakitetea kazi ya mikono yao, ada za watoto wao, na maarifa waliyoachiwa na mama zao. Nikimtazama mama huyu akihesabu fedha za pipa lake jioni, za ada na za unga wa kesho, bila kuomba ruhusa ya mume wala ya meneja, naona ni kitu gani walichokuwa wakikipigania.

Kuna watu siku hizi, Nairobi na Dar es Salaam, wanaofungua viwanda vidogo vya bia na kuwafundisha wateja kwamba bia inaweza kutokuwa angavu, ikawa na uchachu na harufu ya kukaangwa. Nawapenda kwa hilo. Brussels kuna kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, ambako maji ya kimea huachwa usiku kwenye sinia pana la shaba chini ya paa, yapoe na kuokota chachu za hewani; wanapika miezi ya baridi tu, kwa kuwa joto huleta vijidudu wasivyovitaka. Watu husafiri mbali na kulipa fedha nyingi kwa chupa zake kali. Mpika komoni naye anajua baridi ni rafiki, anajua hewa ya ua wake, anajua machicha yake. Tofauti ni kwamba wa Brussels ana watu wa kuandika habari zake, na anaweza kuhifadhi chupa miaka. Huyu wa Mazimbu pombe yake haihifadhiki, kwa hiyo sifa yake nayo haivuki mto.

Jaribio la kuihifadhi lipo. Chibuku, iliyozaliwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, katika miaka ya 1950, ilikuwa ni pombe ya nafaka iliyotoka kiwandani ikiwa bado hai, na kampuni ya Darbrew ikaipika Dar es Salaam, watu wakaizoea kwa jina la kibuku. Iliendelea kuchacha humo humo kwenye pakiti, na wanywaji wake walisoma tarehe wakachagua umri walioupenda. Ni kazi ya heshima. Lakini tanki kubwa linahitaji nafaka ya aina moja, kimea cha kipimo kimoja na chachu isiyoshangaza mtu, na ile tofauti ya nyumba ya kwanza na nyumba ya tatu haina pa kukaa humo.

Ningependa mwanafunzi mmoja wa pale kampasi avuke barabara na daftari. Aandike ni nani anakaanga hadi wapi, kopo la machicha la nyumba gani lilitoka nyumba gani, kimea cha Julai kina tofauti gani na cha Januari kwa namba za maabara, na aiweke chachu ya kila mtungi kwenye jokofu kabla mabinti hawajahamia kote kwenye hamira ya pakiti. Mama huyu ana mabinti wawili. Mkubwa anauza nguo mjini na hataki moshi. Mdogo yuko kidato cha tatu, naye ndiye anayenyunyizia gunia siku za shule kabla ya kuvaa sare. Juzi alitafuna punje, akamwambia mama yake bado nusu siku, na mama akaenda kuonja mwenyewe, akarudi akafunika.

Kata ya asubuhi ya pili, ya alasiri na ya siku ya tatu zote zinauzwa bei moja. Yule mzee seremala anaona ya kwake ingepaswa kuwa ghali zaidi, kwa kuwa imengojewa. Mimi naona ya kwangu, kwa kuwa haingojei.